Kiti Kilichoapishwa

"Yule mteja wako ana kikohozi kibaya," katibu muhtasi alimwambia Chipukizi, akirudi kutoka kula. "Mwambie anywe kitu cha moto."

"Mteja yupi?"

"Si huyo uliyekuwa naye chumba cha mafaili? Nimepita mlangoni nikamsikia. Kakohoa kama mtu anayetengeneza koo kabla ya kusema."

Chipukizi alitabasamu, akidhani anataniwa, maana katibu yule kwa utani hajambo. Lakini katibu alikuwa ameshainamia mashine yake na hakuwa akicheka. Na chumba cha mafaili, tangu saa sita na nusu mchana, kilikuwa na Chipukizi peke yake na kile kiti.

Sasa kabla hujauliza kiti gani, ngoja nikupe habari kwa mpangilio.

Jina la Chipukizi alipewa na bosi wake, wakili mkongwe ambaye naye watu walimwita Mzee Koti, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila koti, hata siku za joto la kuyeyusha mishumaa. Binti huyu alikuja ofisini na cheti kizuri na sheria kichwani, vifungu vyote mpaka vile ambavyo majaji wenyewe wamevisahau. Siku ya kwanza aliposimama mahakamani kumhoji shahidi, magoti yakamcheza, karatasi zikamcheza, akauliza swali moja tu: "Una uhakika?" Shahidi akajibu kuwa anao, tena akaeleza kwa dakika kumi ni kwa nini anao. Mahakama nzima ikacheka.

"Sheria unaijua," Mzee Koti alimwambia kwenye ngazi. "Kuuliza hujui. Na kuuliza ndiyo kazi yenyewe. Usimuulize shahidi swali usilojua jibu lake. Hilo tu. Ukilishika hilo, umekuwa wakili."

Akampeleka chumba cha mafaili akamwonyesha kiti cha mbao, kizee, cha mikono miwili. Kila wakili aliyepita ofisi ile alijifunzia hapo. Unamweka shahidi wako kitini kwa mawazo, unamuuliza, unajijibu mwenyewe, unageuza swali mpaka likae sawa. Ukimaliza unasema: shahidi, shuka. Ndiyo adabu ya mahakama, shahidi hajishushi.

"Ila kitu kimoja," Mzee Koti alisema. "Usikiapishe."

"Kwa nini, mzee?"

"Kwa sababu na mimi niliambiwa hivyo."

Sasa jibu kama hilo unampa msomi? Heri angenyamaza. Wiki ya tatu, saa saba mchana, wenzake wameenda kula, Chipukizi aliona mazoezi yamekosa ladha. Alitaka kujisikia yuko mahakamani hasa. Akanyoosha mkono wa kulia, akakitazama kiti, akasema, "Fuatisha baada yangu. Naapa kwamba ushahidi nitakaoutoa ni kweli tupu." Akatulia kidogo, kama karani anavyotulia kumsubiri shahidi. Kiti kikalia, kile kilio cha mbao inapopokea uzito. Chumba kikanuka nguo mbichi zilizofungiwa sandukuni. Akafungua dirisha, akaendelea na kazi yake, na alipomaliza akatoka bila kusema shahidi, shuka, wala hakulisema tena siku zilizofuata. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wazee walishasema, lakini guu lenyewe halivunjiki siku ileile.

Tangu siku hiyo hakuhitaji kujijibu. Aliuliza, na jibu likamjia kichwani kabla hajalitunga. Kesho yake mahakamani alimhoji dereva wa lori, mtu mzima mwenye sura ya kuaminika, kuhusu ajali ya njia panda. "Uliangalia kioo kabla ya kukata kona?" Dereva akakohoa kidogo. "Sikuangalia," akasema, neno lilelile, kwa mkato uleule uliomjia kichwani. Kesi ikaisha palepale. Ikafuata ya mpimaji viwanja, ikafuata ya mhudumu wa duka la dawa. Mashahidi walianguka mmoja baada ya mwingine, na Chipukizi akawa anatembea kwenye korido za mahakama kifua mbele. Mawakili wa zamani wakaanza kumpisha mlangoni.

"Chipukizi limekuwa mti," Mzee Koti akasema, na kwa mtu mchoyo wa sifa kama yule, hilo lilikuwa neno kubwa.

Ndipo Mama Mdogo akakamatwa.

Huyu ndiye aliyemlea Chipukizi. Dada yake, mama mzazi wa Chipukizi, alipofariki aliacha mtoto wa miaka minne, yeye akamfunga mgongoni na hakumshusha mpaka alipofika chuo kikuu. Kazi yake ilikuwa kuuguza wazee majumbani mwao. Nyumba ya mwisho alimuuguza mzee aliyepooza, akimbeba kutoka kitandani na kumrudisha, kutwa mara sita. Siku moja moto ulianzia jikoni. Mlango wa chumba cha mgonjwa ulikutwa umefungwa, mzee ndani amekufa kwa moshi, Mama Mdogo nje. Yeye alisema kitasa kilikwama, kama ambavyo kilikuwa kikikwama kila siku, na alikuwa amewaambia wenye nyumba mara tatu. Kiganja chake cha kulia kiliungua kwenye kitasa hichohicho mpaka ngozi ikabaki pale. Upande wa mashtaka ulisema alifunga kwa makusudi. Adhabu ya kosa hilo ilikuwa kifungo cha maisha.

"Nitasimama mimi," Chipukizi alimwambia Mzee Koti.

"Wakili hamtetei mzazi wake. Macho yanaingia ukungu."

"Mzee, nani mwingine anashinda kama ninavyoshinda mimi?"

Mzee Koti akamkabidhi faili. Na hapo ndipo tunarudi kwa kile kikohozi, maana siku katibu aliposikia, Chipukizi alikuwa ameanza mazoezi ya kesi ya Mama Mdogo.

Kesho yake, saa saba mchana, aliingia tena. Alitaka kumwandaa mama yake kwa maswali ya mashtaka, kwa hiyo akajifanya yeye ndiye mwendesha mashtaka. Akasimama mbele ya kiti. Akauliza, "Mlango ulifungwa na nani?"

Kiti kikakohoa.

Si kichwani mwake safari hii. Chumbani. Harufu ya nguo mbichi ikapanda mpaka akaihisi kwenye meno, na kutoka juu ya kiti kitupu, palepale ambapo mdomo wa mtu aliyeketi ungekuwa, ikatoka sauti aliyoijua kuliko sauti yake mwenyewe, sauti iliyomwimbia alipokuwa na homa, taratibu, bila haya: "Mimi. Nilichoka kumbeba."

Chipukizi hakumbuki alivyotoka chumbani. Anakumbuka yuko chooni, bomba linatiririka.

Jioni alikwenda mahabusu. Mama Mdogo alimpokea kwa furaha, kiganja kimefungwa kitambaa, akamuuliza kama anakula vizuri. Chipukizi alimtazama tu. Kiti kilikuwa hakijawahi kukosea. Mama Mdogo akauteremsha mkono wake chini ya meza.

"Umeniangalia kama wanavyoniangalia wao," akasema polepole.

"Hapana, mama."

"Nimekulea mimi. Najua ukidanganya."

Maneno yale yalimkata maini. Alirudi nyumbani akalia, na kilichomliza zaidi ni kwamba hakuwa na uhakika.

Uhakika aliupata asubuhi iliyofuata, kwenye ngazi za ofisi. Yule dereva wa lori alikuwa amekaa anamsubiri. Alikuwa amekonda, na leseni alishanyang'anywa, kazi nayo imeota mbawa.

"Wakili, sikuja kugombana," dereva alisema, akitazama huku na huku. "Nimekuja kuuliza tu. Ulinifanya nini?"

"Nilikuuliza swali, ukajibu."

"Kioo niliangalia. Miaka ishirini na mbili barabarani, naangalia kioo hata nikiota. Nilitaka kusema niliangalia. Koo likanikereketa, nikakohoa, halafu nikajisikia nasema sikuangalia. Mdomo ulikuwa wangu. Maneno hayakuwa yangu." Akashusha sauti zaidi. "Na kulikuwa na harufu. Kama nguo mbichi."

Hapo ndipo Chipukizi alipoelewa, na heri asingeelewa. Kiti hakikuwa kikimwambia mashahidi watasema nini. Kilikuwa kinaamua. Dereva alitaka kusema kweli, mpimaji alitaka kusema kweli, yule mhudumu wa duka la dawa, ambaye sasa hana duka wala dawa, alitaka kusema kweli, na ushindi wake wote ulikuwa watu wasio na hatia waliokatwa ulimi kwa mkono wake. Na Mama Mdogo hakufunga mlango wowote. Alikuwa ameungua bure, na mtoto wake mwenyewe akamtilia shaka.

Akafanya ambalo mtu yeyote mwenye hofu angefanya. Alikibeba kile kiti mpaka uani, akakimwagia mafuta ya taa, akakichoma. Kilichukua muda kushika, kikitoa mvuke kama kuni za masika. Moyo ulipomtulia kidogo, akaenda kumweleza Mzee Koti, mwanzo mpaka mwisho. Mzee Koti alisikiliza. Kisha, kwa mara ya kwanza, akavua koti, kwa sababu jasho lilikuwa linamtoka.

"Twende kwa Karani," akasema.

Karani alikuwa mstaafu, mzee aliyeapisha mashahidi miaka thelathini na minne, na watu walisema kwamba pepo wanaokaa katika viapo vya uongo walimzoea. Aliwakalisha sebuleni, akafungua kitabu, akaweka bakuli la maji mbele ya Chipukizi, akaanza kusoma kwa sauti ya chini. Maji yakatulia. Akasoma zaidi. Kisha akauliza, "Kiti mmekuja nacho?"

"Nimekichoma," Chipukizi akasema.

Mzee alifunga kitabu.

"Nimefanya vibaya?"

"Wao hawana kwao, binti yangu. Wanapita tu. Huyu ulimkaribisha kwa kiapo, ukampa mahali, naye akakaa. Alikuwa hashuki mpaka aliyemwapisha amwambie shuka, yeye akiwa kitini. Ilikuwa kazi ya neno moja." Akamtazama kwa huruma. "Umemchomea kiti. Sasa ataketi wapi?"

Katika bakuli, maji yalikuwa yanatetemeka, ingawa hakuna aliyegusa meza.

Karani alimsomea hadi sauti ikamkauka, akamnywesha yale maji, na mwisho akasema yeye amefika mwisho wa uwezo wake. Lililobaki ni la kisheria. "Mama yako asipande kizimbani. Mshtakiwa ana haki ya kunyamaza. Asipoapa, huyo hana mdomo wa kusemea."

Ni kweli, na Chipukizi alilishikilia neno hilo kwa mikono miwili. Bila kauli ya Mama Mdogo, mashtaka yalikuwa na mlango uliofungwa tu, na fundi aliyekuwa tayari kueleza habari za kile kitasa kibovu. Kesi ingeweza kuanguka. Alimweleza Mama Mdogo, akamwomba msamaha pia, akiwa ameshika ule mkono mzima.

"Nilitaka niwaambie mwenyewe," Mama Mdogo alisema. "Miezi miwili nangoja mtu aniulize kuhusu mlango. Lakini wewe ndiye uliyesoma, mwanangu. Ukisema ninyamaze, nitanyamaza."

Siku ya utetezi mahakama ilijaa. Jaji akainua kichwa. "Wakili, mshtakiwa atatoa ushahidi, au atanyamaza?"

Chipukizi akasimama. Magoti hayakumcheza. Neno lilikuwa tayari ulimini, *atanyamaza*, neno dogo, mtoto angelisema, naye akavuta pumzi alitoe, na alipovuta pumzi aliisikia harufu, si ya chumba wala ya watu, inatoka ndani ya joho lake, shingoni, mdomoni mwake mwenyewe, na koo likamkereketa pale pale ambapo lilimkereketa dereva, akabana midomo, akabana mpaka machozi yakamtoka, na bado kikohozi kikapita, kidogo, cha adabu, cha mtu anayetengeneza koo kabla ya kusema.

"Mheshimiwa Jaji," Chipukizi alijisikia akisema, "shahidi wa kwanza wa utetezi ni mshtakiwa mwenyewe."

Mzee Koti aliinama akaficha uso. Mama Mdogo alishangaa, kisha akatabasamu, akidhani mtoto wake amembadilishia mpango kwa wema. Alipanda kizimbani haraka. Akanyoosha mkono ulioungua, akaapa.

"Mlango ulifungwa na nani?" mdomo wa Chipukizi ukauliza.

Macho ya Mama Mdogo yaling'aa, maana lilikuwa ndilo swali lenyewe. Akauinua mkono wake amwonyeshe jaji kiganja. Kisha akakohoa.

"Mimi," akasema. "Nilichoka kumbeba."

Mama Mdogo alikuwa bado ameinua kile kiganja, akimtazama Chipukizi bila hasira, kwa mshangao tu, kama mtu aliyesukumwa na mtoto aliyembeba mgongoni. Jaji alikuwa anaandika. Ndipo koo la Chipukizi likalegea na sauti yake ikamrudia, yake mwenyewe, nyembamba.

"Shahidi, shuka," akasema. "Shuka. Nakuomba, shuka."

"Wakili, taratibu," jaji akasema, bila kuacha kuandika. "Unajua kanuni. Shahidi hashuki mpaka upande wa mashtaka nao umuulize."

Mwendesha mashtaka akainuka nusu. "Hatuna swali, Mheshimiwa. Amejibu yote."

Askari akamshika Mama Mdogo mkono kumteremsha, akamshika ule ule wenye kidonda. Chipukizi akaketi. Kiti chake kilikuwa na joto, na yeye alikuwa amesimama muda wote.