Mwanga wa Jikoni kwa Mama

Ijumaa alasiri, siku moja kabla ya nyumba ya marehemu mama yake kukabidhiwa mnunuzi, rafiki yetu mchoraji aliingia jikoni na rangi zake. Alitaka kitu kimoja tu: kuondoka na mwanga wa dirisha lile, uliofanya hata sufuria kuukuu zing'ae kama mali.

"Wenzio wanachora wafalme, wewe masufuria," dada yake alimtania kutoka sebuleni, akifunga mizigo.

"Mfalme gani amewahi kunipikia, dada?"

Alichora kama kawaida yake, macho nusu yamefumbwa, hadi vitu vikabaki madoa ya mwanga na giza. Kila doa aliliweka mahali pake bila kujiuliza ni la nini. Nyuma ya pazia la stoo, lililokuwa kando ya dirisha alilolichora, alisikia sufuria ikisuguliwa, taratibu, kwa mkono usio na haraka. Akadhani ni dada. Giza lilipoingia, sauti ikakoma.

Dada akaja na taa, akaitazama picha.

"Kaka, huyu ni nani?"

"Nani tena? Si wewe ulikuwa stoo?"

"Sijatoka sebuleni."

Mchoraji akarudi nyuma hatua chache. Madoa yakajikusanya yakawa vidole vinne, vimeshika ukingo wa pazia kutoka ndani.

Dada akalivuta pazia. Stoo ilikuwa tupu, na maji ya nyumba yalikuwa yamekatwa tangu msiba. Mchoraji akagusa ukingo wa pazia, pale vidole vilipokuwa kwenye picha. Pazia lilikuwa limelowa, na maji yake yalikuwa ya uvuguvugu.