Fundi Asiyekaa

Mwaka wa tisini na sita, Digna alipeleka kitenge cha njano kwa mafundi wa soko la Ifakara, akakuta wote wamekaa isipokuwa mmoja. Fulgensi alikuwa amesimama wima, shati jeupe limenyooka kwa pasi, anazungusha cherehani cha mkono juu ya meza ndefu huku akipiga mluzi.

"Huna kiti, fundi?"

"Ninacho. Ni cha wateja warembo. Karibu."

Digna akakaa, na moyo wake nao ukakaa hapohapo. Miezi mitatu walitembea wee mpaka mto Lumemo na kurudi, na kijana hakukaa popote. Hata kanisani alisimama nyuma.

Akaja kujitambulisha nyumbani kwa akina Digna, Lipangalala. "Shikamoo, mzee." Mzee Kasmiri, baba yake Digna, akaitikia, akafuta kiti kwa mkono wake mwenyewe. Fulgensi alikataa mara mbili, mara ya tatu akakaa, uso umemkunjamana, jasho linamtoka. Dakika mbili tu akaruka, akaaga, akaacha wali na kuku mezani.

"Hawezi kukaa kwangu dakika mbili," mzee akafoka, "atakaaje na binti yangu?"

Digna alilia usiku kucha. Alikuwa na hakika kuna mwanamke mwingine.

Jumatatu simu ikalia kwenye mashine ya kukoboa mpunga, alikokuwa karani. Fulgensi alipiga kutoka posta.

"Mpenzi, ni nyonga!"

"Nyongo ya nani?" Mashine ilikuwa inanguruma.

"Nyonga! Inauma huku chini ya kitovu, mwaka wa tatu sasa! Nikikaa inauma, nikiogopa inazidi!"

"INAKUUMA NYONGA?" Digna akapaza sauti, na sekunde hiyohiyo mashine ikazimwa. Akina mama wote wakageuka na magunia yao.

"Mpe pole," akasema mama Balbina.

Digna akashusha sauti. "Kwa nini ulinificha?"

"Ningesemaje? Kwamba mchumba wako anaogopa kiti? Daktari anasema nikiwa na wasiwasi najikaza huko ndani bila kujua. Nivute pumzi mpaka tumboni, niitoe polepole, nilegeze taya na mabega, nitembee. Na nisifiche."

"Hilo la mwisho umelianza lini?"

"Leo, mama. Na posta yote imesikia."

Digna akacheka mpaka machozi, hasira zikaisha. Jioni alimweleza baba yake kila kitu.

Jumapili Fulgensi alipofika, hakuonyeshwa kiti. "Twende tukaone mpunga," mzee akasema. Wakapita kwenye majaruba, Digna nyuma na gauni lake la njano, ananong'ona, "Mabega, mpenzi. Taya."

Katikati ya shamba mzee akasimama. "Haya kijana, unataka nini kwangu?"

"Nataka... nataka kukaa na Digna, mzee."

"Kukaa? Wewe?"

Fulgensi akakauka, meno yameumana. Digna akafumba macho. Hapo ndipo mambo yote yangeharibika tena.

"Legeza taya, mwanangu," Mzee Kasmiri akasema taratibu. "Vuta pumzi, halafu ulirudie hilo neno. Sisi hatuna haraka."