Bimla Agandisha Poliesta

Kule Panipat, nchini India, Bimla alishinda uani akikata vifungo na zipu kwenye nguo kuukuu. Kiwanda cha nyuzi kilichukua sufu na pamba. Poliesta ilibaki kwake, rundo likawa kama kichuguu. Mumewe, Rajbir, aliichoma kuchemshia maji ya kuoga. Moshi wake mweusi ulimkaba binti yao, Komal. Alikohoa kila usiku, na Bimla hakupata hata lepe la usingizi.

"Baba Komal, utaniulia mtoto!"

"Basi itafune wewe hiyo poliesta!"

Jirani yao Kamlesh alifanya kazi katika kiwanda cha majaribio. Huko poliesta ilivunjwa kwa dawa itokanayo na vijidudu. Siku moja aliwaonyesha majirani kichupa cha dawa hiyo. Alipogeuka, Bimla akaiba kijiko kimoja cha dawa. Aliimwaga juu ya lile rundo, akalifunika blanketi, vile agandishavyo maziwa kwa kijiko cha mtindi wa jana.

Asubuhi alifunua. Hola! Poliesta ni ile ile. Akafunika, akafunua tena. Hakutulia, roho juu juu, maana Rajbir alikuwa ameshashika kiberiti. Mwishowe akamwita Kamlesh na kuungama.

Kamlesh alicheka hadi machozi. "Mama Komal, unagandisha nguo?"

"Usinicheke, dada. Mwanangu anakufa."

Kamlesh akaketi.

"Sikiliza. Mtindi una vijidudu hai, vinazaana. Hiki ni kimeng'enya. Vijidudu hukitoa ili kukata chakula chao, lakini chenyewe hakina uhai. Hakizai."

"Sasa kinafanyaje kazi?"

"Kinakata kama mkasi wako. Lakini tunasaga kitambaa kwanza, tunakitia kwenye tangi la maji ya moto. Poliesta inakatika vipande visivyoonekana kwa macho. Vipande hivyo ndivyo tunavyotengenezea poliesta mpya."

"Na rundo langu?"

"Tenga poliesta tupu, tutaichukua. Iliyochanganyika na pamba inatusumbua, wape mafundi wa magodoro wajazie. Na wewe, baba Komal, usichome tena! Moshi huo ni sumu."

Rajbir alirudisha kiberiti mfukoni, akachuchumaa kuchambua. Gari la kiwanda lilibeba poliesta. Maji ya kuoga yakachemshwa kwa gesi.

Wiki chache baadaye, alfajiri, Bimla alishtuka. Nyumba ilikuwa kimya, hakuna kikohozi. Alikimbilia kitanda cha Komal, akaweka kiganja kifuani pake. Mtoto alikuwa amelala tu.