Miche Iliyomwagiwa Chumvi

Pikipiki ya Honda ya Nhàn, afisa wa kuzuia magendo, iliserereka kwenye tope, ikakaa sawa, ikachapa mwendo.

Kushoto kwake, boti la magendo lilikuwa likipasua maji ya mfereji. Ndani yake mlikuwa na sanduku la miche ya mpunga unaostahimili chumvi. Bahari ilikuwa inayala mashamba ya mkoa wa Sóc Trăng, Vietnam. Miche ile ndiyo ilikuwa roho za watu.

Redio ikakoroma. Kaka Sáu, mkuu wake. Ndiye aliyemfundisha kulenga shabaha.

"Nhàn, geuza. Wamepitia upande wa Bạc Liêu."

"Boti ninaliona kwa macho yangu, Kaka."

"Geuza, ni amri! Niko ofisini Cần Thơ, habari zote ninazo."

Boti likapiga honi.

Nhàn aliisikia mara mbili. Mferejini. Na kwenye redio.

Akaizima redio, akawapigia simu askari wa mpaka. Kisha akakata njia ya mkato hadi kwenye lango la kuzuia maji ya chumvi. Lilikuwa limefungwa. Boti lilipofika, halikuwa na pa kwenda, na yeye alikuwa juu ya ukuta, bastola ya Makarov mkononi.

Kaka Sáu akajitokeza akitabasamu. Nyuma yake alisimama mnunuzi wa kigeni, amekumbatia sanduku.

"Mdogo wangu, weka chini kidude hicho. Tutayamaliza kindugu."

"Ulimzika mama yangu pamoja nami, Kaka."

"Ndiyo maana nikakuambia ugeuze! Halafu umechelewa. Asubuhi nimemwaga gunia zima la chumvi kwenye matangi ya kituo cha utafiti. Majani yamejikunja kama sigara. Imebaki hii tu. Ukinipiga risasi, huyu anaitosa."

Mnunuzi akainua sanduku.

Nhàn akampigia Daktari Diệp, mtafiti aliyeikuza miche hiyo, simu ikiwa kwenye spika.

"Daktari, miche ya tangini?"

"Iko hai, mwanangu! Imejikunja tu isipoteze maji. Si tuliizoesha chumvi kidogo kidogo? Seli zake zimefunga vitundu vya majani, chumvi zimeisukumia kwenye vifuko vyake vya ndani. Nimeshabadilisha maji. Mingine imeanza kukunjuka."

Tabasamu la Kaka Sáu likayeyuka. Mkono ukashuka kiunoni.

Paa!

Bastola yake ikatumbukia majini. Akaanguka magotini, ameshika kiganja kinachovuja damu. Mnunuzi akaweka sanduku chini taratibu, akainua mikono.

Askari wakafika na pingu.

"Nhàn! Zungumza nao! Mimi si kaka yako?"

Alitaka kumtukana. Badala yake akalifunga sanduku nyuma ya Honda, akavaa miwani ya jua.

"Unamfahamu huyu?" askari mmoja akamuuliza.

"Nilidhani namfahamu."

Akapiga kiki, akaondoka bila kugeuka.