Gari Lisilonguruma

"Mbona unamkodolea macho dada wa watu midomoni?"

Mshonaji aliuliza kwa sauti ya chini, meno yameumana, huku akijifanya anasoma bei iliyobandikwa kwenye kioo cha gari. Mumewe hakujibu. Macho yake yalikuwa yameganda kwenye midomo ya muuzaji, binti mrembo aliyepaka rangi nyekundu ya kuwaka, aliyekuwa akieleza habari za betri.

"Chaji moja unaenda safari ndefu na kurudi, mzee. Na mbele hakuna injini. Ukifungua boneti unakuta sehemu ya kuweka mizigo."

"Hakuna injini," mume alirudia, uso umemchangamka kama mtu aliyeambiwa amefaulu mtihani.

Hapo ndipo roho ilipozidi kumchafuka mshonaji. Huyu ni fundi wa magari, jamani, mwenye gereji yake mwenyewe! Mji mzima unamjua kwa kusimama kando ya gari, kutega sikio na kutaja ugonjwa wa injini kabla hajagusa spana. Magari ya umeme alikuwa akiyaita majokofu yenye matairi. Leo ghafla anataka kununua, tena la kifahari! Lazima kuna mtu anayembadilisha.

Na dalili alikuwa nayo. Asubuhi ile, fundi akiwa bafuni, simu yake iliwaka kitandani. Ujumbe ulitoka kwa "Vipuri":

"Kesho usikose. Na tafadhali mwambie mkeo. Huwezi kumficha siku zote."

Vipuri gani hivyo vinavyosema tafadhali? Mshonaji hakulia. Alivuta begi, akapanga nguo zake, akalisukuma uvunguni. Ikiwa ni kweli, leo analala kwa dada yake na ndoa imeishia hapo. Lakini kwanza alitaka kumwona huyo mwanamke kwa macho yake. Ndiyo maana alipoambiwa "twende tukajaribu gari" alivaa viatu bila swali.

Sasa alidhani amemwona.

Fundi alikaa kwenye usukani, mkewe pembeni, muuzaji nyuma.

"Bonyeza hapo, mzee," muuzaji alisema, akipenyeza mkono katikati ya viti kumwonyesha kitufe.

Fundi alibonyeza. Akangoja. Akaweka kiganja juu ya dashibodi.

"Haliwaki."

"Limeshawaka! Angalia skrini."

Gari likateleza kuingia barabarani, kimya kabisa. La kwao ni dizeli kuukuu lenye ekzosi iliyotoboka tangu mwaka jana, likiwashwa mtaa mzima unajua. Kila mshonaji akimwomba mumewe aitengeneze, anaambiwa kesho. Humo ndani huongea kwa kupayuka, na mke akilalamika hajibiwi, fundi hunyoosha kidole kwenye boneti: "Injini hii! Sema tena." Humu hapakuwa na injini ya kusingizia.

"Viti vinapoza mgongo, mzee. Nikuwashie?" muuzaji aliuliza kutoka nyuma.

Kimya.

"Mzee?"

Kimya tena. Mshonaji akaona ndiyo hayo hayo ya nyumbani, kuongea peke yake kama mwendawazimu. Uvumilivu ukamwishia. Akageuzia uso dirishani machozi yasije yakaonekana.

"Tukifika nyumbani naondoka," alisema. "Nimeshafunga begi."

Huko nyuma muuzaji alibana pumzi.

"Kweli kabisa," fundi alijibu, uso mkunjufu. "Viti laini mno. La kwetu linaumiza kiuno."

Mshonaji aligeuka taratibu kumtazama. Dharau hii sasa imezidi, aliwaza. Yaani mtu anamwambia mumewe anamwacha, anajibiwa habari za viti?

Wakati huo king'ora kilianza kulia upande wa kulia. Taa zao zilikuwa za kijani. Magari mengine yakasimama, lakini fundi akazidi kukanyaga.

"Ambulensi!" mshonaji alipiga kelele. "Simama! Simama wewe!"

Hakusimama. Gari lenyewe ndilo lililofunga breki, mikanda ikawabana vifua, na ambulensi ikapita mbele ya pua yao.

Fundi aliegesha kando.

"Imetokea wapi ile?"

"Hukusikia king'ora?" muuzaji aliuliza, rangi imemtoka.

Fundi aliendelea kutazama mbele. Mshonaji alimtazama lile sikio lililomjengea jina, kisha akakumbuka "sema tena" zote za mwaka mzima. Akamshika kidevu, akamgeuzia uso kwake.

"Vipuri ni nani?"

Fundi aliitazama midomo yake. Alipoelewa, mabega yalimshuka.

"Daktari wa masikio."

Muuzaji alifungua mlango polepole, akashuka, akaenda kusimama mbali akichezea simu yake.

"Tangu lini?"

"Mwaka jana. Lilianza moja, likafuata la pili."

"Na ekzosi?"

"Ikipiga kelele, kila mtu anapaza sauti," fundi alisema. "Hakuna anayejua kama tatizo ni mimi. Na lile la kwetu nalisikia kwa mikono, linavyotetemeka. Hili halitetemeki. Sikujua kama litaniumbua hivi."

"Sasa ulilitakia nini?"

"Haya hayasikilizwi, mke wangu. Yanapimwa kwa kompyuta. Nikasema nikijifunza haya nitabaki fundi. Fundi asiyesikia injini ni nani? Na wewe uliolewa na fundi."

"Mimi niliolewa na masikio?" Mshonaji alimpiga ngumi ya bega, ya hasira kweli, kisha kicheko na kilio vikamtoka pamoja. "Ungetuua hapa! Na mimi nilijua nimechokwa! Mwaka mzima!"

"Uchokwe na nani? Nilikuwa naogopa ukijua utaniacha."

Mshonaji alinyoosha mkono.

"Simu."

Akampigia Vipuri.

"Daktari, mimi ndiye mkewe... Ndiyo, nimejua leo... Kesho tutakuja wawili." Akasikiliza kitambo, akikunja uso. "Ahsante."

"Anasemaje?" fundi aliuliza, macho yamemtoka.

Mshonaji alimsogelea mpaka pua zikakaribiana.

"Anasema kuna vifaa vitakusaidia, angekuwa ameshakupa zamani, wewe ndiye unayekwepa. Na anasema hiyo hofu yako ya kuachwa umemweleza yeye kila ukienda. Mimi mkeo hujaniambia hata siku moja."

Fundi aliinamisha kichwa. Mshonaji akamwinua tena kidevu, mara hii taratibu.

"Badilisha kiti, naendesha mimi. Na ukishakaa hapo anza kunieleza tangu mwanzo, usiruke kitu."

"Nitajuaje unanijibu, ukiwa unatazama barabara?"

"Leo sijibu," alisema. "Wewe sema. Mimi nasikia."