Pumzi ya Tatu Ndani ya Trela

Jumatatu ya tarehe kumi na nne Oktoba, asubuhi, Orval Stinnett alikuta ndoo imejaa.

Ilikuwa ndoo ya mashine ya kunyonya unyevu, nayo haikupaswa kujaa. Watu wawili wakilala katika chumba kidogo cha bati kilichozibwa vizuri, pumzi zao hutoa maji yapata lita moja mpaka kunakucha. Kila anayegeuza trela ya mizigo kuwa nyumba hulijua hilo. Ndoo hii ilikuwa ya lita nne, na maji yalikuwa yamefika ukingoni. Wala hayakuwa mepesi. Alipoinamisha ndoo nje ya mlango, yalichelewa kumwagika, yakaning'inia kama ute wa yai, kisha yakaanguka kwa mkupuo mmoja juu ya majani makavu ya mialoni. Yalinuka kinywa. Si kinywa cha mgonjwa, ambacho Orval alikwisha kukizoea, bali kinywa cha mtu aliyekula mafuta ya mnyama akalala bila kusukutua.

"Umemwaga nini hapo?" mkewe Neva aliuliza kutoka kitandani.

"Maji."

"Mbona umekunja uso kama mtu aliyemeza nzi? Na mlango huo, utaufunga leo au kesho?"

"Maji tu, mama. Lala."

Alikwisha kuufunga mlango ndipo alipotambua kwamba Neva ameuliza maswali matatu bila kukohoa katikati.

Trela hiyo Orval aliinunua mwezi Agosti kwenye mnada wa mali za marehemu Ansel Pruitt, mnunuzi wa ngozi za rakuni na mbweha, aliyejulikana katika vilima vyote vya Ozark upande ule wa kusini mwa Missouri. Ilikuwa nyeupe, urefu wake mita tano kasoro kidogo. Orval, aliyefanya kazi miaka thelathini na mmoja katika kiwanda cha kupasua mbao, alikata madirisha mawili, akabandika povu la kuzuia baridi kutani, akafunika kwa mbao za msonobari alizozipiga randa mwenyewe, akaunda kitanda, kabati na meko. Sakafu ilikuwa nyeusi kwa mafuta ya ngozi mbichi. Fundi mwenye nafasi angeing'oa. Orval hakuwa na nafasi. Aliipaka rangi ya kuzibia mara mbili, akatandika plastiki juu yake.

Pembeni, chini ya kitanda, alikuta tundu lenye upana wa kidole gumba, lililopenya sakafu mpaka nje. Hakuona kazi yake. Kingo zake zilikuwa laini na zenye kung'aa, kana kwamba zimelambwa miaka mingi. Alilijaza povu la kopo, lile linalovimba na kuganda, kama alivyojaza kila ufa mwingine, kwa maana kwa watu wa kazi hii tundu lililoachwa wazi ni aibu ya fundi.

Haraka yake ilikuwa na sababu. Mwezi Julai daktari wa Springfield alisema kwamba mapafu ya Neva hayatavuka majira mengine ya baridi katika unyevu wa vilima vile. Jangwani Arizona, kwenye hewa kavu, huenda akapata miaka michache. Wakauza nyumba. Mnunuzi angehamia tarehe mosi Novemba, nao wakawa wanalala katika trela uani ili wajue kasoro zake kabla ya safari.

Jumanne kuta zilianza kutoka jasho. Kati ya ubao na ubao ulichuruzika ute wa manjano, na kufikia jioni ulikuwa wa kijani wenye nyuzi. Orval aliukwangua kwa kisu cha bapa. Ukavutika, haukutaka kukatika, ukamrukia kwenye ndevu. Alikwenda kutapika nyuma ya kibanda cha kukaushia nyama. Kilichomtapisha hakikuwa harufu. Miaka sita alikuwa akimshikia mkewe bakuli, na alijua rangi ya makohozi ya Neva kama mtu mwingine ajuavyo mwandiko wa mkewe. Yaliyokuwa ukutani yalikuwa ya Neva.

Naye Neva akawa anapona. Jumatano alikwenda kwa miguu hadi kwenye sanduku la barua barabarani, akarudi bila kuketi njiani. Alhamisi alikaanga viazi huku akiimba wimbo wa kanisani, na mpira wake wa oksijeni akautundika msumarini kama mkanda wa zamani.

"Nikiendelea hivi, mzee, nitakuacha nitafute kijana," alisema.

"Kijana gani atakayekubali viazi vilivyoungua?"

"Wewe umekubali miaka arobaini na minne."

Orval alicheka, akala, na kila tonge likamletea ladha ya ule ukuta.

Jumamosi saa saba mchana, Neva alijilaza baada ya maharage na mkate wa mahindi, na Orval akaingia polepole na futi ya chuma ya kujikunja ili apime rafu ya juu ya kitanda. Alisikia pumzi ya mkewe, ndefu na safi. Akasikia na ya kwake. Akaizuia ya kwake asije akamwamsha, na bado zikasikika mbili.

Akainama, na alipoinama aliona kwamba ubao ulio karibu na mto ulikuwa umevimba na kulainika kama ufizi, na kwamba katika ufa wa ubao huo kilikuwa kimeshuka kitu cha kijivu, chembamba kama utumbo wa kuku uliooshwa nusu, kisicho na macho wala manyoya, kikapita juu ya foronya na kuacha njia ya ute kama konokono, kikaingia katika kinywa cha Neva kilichokuwa wazi kidogo, na huko ndani kilikuwa kikinyonya, taratibu, kwa kuridhika, kama ndama, na kila kiliponyonya fundo dogo lilipanda ndani yake kuelekea ukutani, na kila fundo lilipofika ukutani ubao ulitoa mlio wa kumeza, na Neva, katika usingizi wake, alitabasamu.

Futi ilimponyoka Orval, ikajikunja kwa kishindo. Kile kitu kikafyonzwa ukutani mara moja, kama tambi. Neva akafumbua macho, akalamba midomo.

"Umenitisha. Nilikuwa naota nakunywa maji ya kisimani."

Jioni hiyo hiyo Orval alimpigia simu Loy Tabor.

Loy Edgar Tabor, mchomelea vyuma mwenye miaka sabini na miwili, alizaliwa majuma saba baada ya mti kumwangukia na kumuua baba yake. Watu wa vilima vile husema kwamba mtu ambaye hakumwona baba yake ana pumzi ya dawa, na mtoto mwenye utando mweupe kinywani hupelekwa kwake akapuliziwe. Loy alikuwa amepuliza vinywa vya watoto wa vizazi vitatu. Alikuja Jumapili baada ya ibada, akiwa na shati lake la Jumapili. Akagusa ukuta kwa kidole, akakinusa, akakifuta kwenye suruali.

"Orval, ulinunua trela ya Ansel Pruitt na akili zako zikiwa timamu?"

"Ilikuwa na matairi mapya."

"Matairi mapya, na jini ndani. Mnada mzuri huo." Akalala kifudifudi, akamulika chini ya kitanda. "Nani kaziba hapa?"

"Mimi. Nimeziba kila mahali."

"Kila mahali!" Loy aliinuka, uso umembadilika. Akashusha sauti. "Ansel alilitobolea njia, bwana. Linalamba mafuta ya ngozi, likimaliza linatoka kwenda zake porini. Halafu uzee ukamshika, ngozi zikaisha, akawa analala humu mwenyewe. Mimi nilibeba jeneza lake. Tulikuwa wanaume wanne, na lingeweza kubebwa na mtoto. Mle ndani mlikuwa na ngozi tu, Orval. Ngozi tupu. Na wewe umelifungia na mkeo."

Neva alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani. Hawakumsikia akipanda ngazi, kwa kuwa siku hizo hakuhema tena.

"Na mimi, Loy, nina uzito gani?"

"Leo unao. Kwa sababu makohozi hayajaisha. Yakiisha litakula kilichobaki."

"Na ukilitoa?"

Loy aliitazama kofia yake. "Utakohoa kama zamani, dada."

"Kama zamani nilikuwa nakufa."

"Neva," Orval alinong'ona, "nimekiona. Kilikuwa mdomoni mwako kama..."

"Usiniambie kama nini! Siku saba nimelala chali bila kukabwa. Chali, Orval! Wewe umenishikia bakuli miaka sita, Mungu akulipe, lakini kila mara nilikuona ukigeuza uso. Hicho hakigeuzi uso."

Nje, jani moja moja lilikuwa likidondoka juu ya paa la bati.

"Haya," Neva alisema hatimaye, bila kumtazama yeyote. "Fanyeni."

Loy alieleza kazi kwa maneno machache. Angelala chini ya trela na kupuliza mara tatu katika lile tundu. Jini lingeikimbia pumzi hiyo kutoka kutani, likajikusanye katika kinywa cha Neva, mlango pekee uliosalia. Neva angelitema tunduni, na Orval angeziba nyuma yake. "Mimi sitazami ninachokitoa," alisema, "sijatazama hata mara moja. Nikimaliza kupuliza nitakwenda kusimama penye pikapu yangu, nimewapa mgongo. Mtaniambia."

Orval alilikata povu kwa kisu. Harufu iliyopanda ilikuwa ya mafuta yaliyooza, nzito, ya vuguvugu, ikamkaa ulimini. Neva akapiga magoti juu ya tundu.

Loy akapuliza, kuta zote zikatoka jasho kwa pamoja. Akapuliza mara ya pili, mbao zikalia, na ute ukaanza kutembea, ukashuka kutani, ukavuka sakafu bila haraka kutoka pande zote nne, ukapanda juu ya mikono ya Neva, mabegani, shingoni, na Orval akaona kwamba mkewe ndiye aliyeufungulia kinywa. Alipopuliza mara ya tatu kuta zikabaki kavu kabisa, na mashavu ya Neva yalikuwa yamejaa, na yalikuwa yanacheza.

Walimsikia Loy akijiburuta kutoka chini, akijipangusa tope, akienda.

"Tema," Orval alisema. "Tema, mama."

Ncha ya kijivu ilichungulia pembeni mwa midomo yake, ikarudi ndani. Neva alimtazama mumewe. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini macho yenyewe hayakuwa yanaomba ruhusa. Akafumba midomo barabara, akainua kidevu, akameza. Haikushuka mara moja. Akameza tena, kwa nguvu, kama mtoto anywaye mafuta ya mbarika, na Orval akaona uvimbe ukiteremka kooni, ukasita, ukajipinda, ukapita.

Kisha Neva akavuta pumzi. Ilikwenda chini, ikazidi kwenda, mpaka mwisho wa kifua, bila mkwaruzo hata mmoja. Kwa miaka sita Orval hakuwa amesikia pumzi kama ile ikitoka kwake. Neva akajifuta mdomo kwa mgongo wa mkono, akaokota kopo la povu sakafuni, akampa.

Kutoka barabarani, mgongo wake ukiwaelekea, Loy aliita: "Ametema?"

Orval alishika kopo. Mkono wa mkewe ulikuwa juu ya wake, wenye joto, mwepesi kidogo kuliko jana.

"Ametema," alisema Orval Stinnett, ambaye tangu utoto wao hakuwahi kumdanganya Loy Tabor, akageuza uso.