Wachelewaji Watano

Kila asubuhi, kabla kengele haijalia, Kufuli alikuwa ameshasimama langoni, beji ya ukiranja kifuani, macho yakikimbia huku na huku barabarani. Jina hilo alipewa na wenzake wa darasa la sita kwa sababu kengele ikilia tu, lango linafungwa.

Mwalimu wa nidhamu alikuwa amesema wazi: kiranja wa lango alete wachelewaji watano kila siku, asiyefikisha ni mvivu, atavuliwa beji. Mwanzoni ilikuwa kazi rahisi. Lakini wanafunzi walishika adabu, wakaanza kuwahi. Leo kengele ilikuwa karibu kulia, na karibu wanafunzi wote walikuwa wameshaingia; hakuona atakayechelewa.

"Leo hupati kitoweo, Kufuli!" mvulana mmoja alimtania akipita.

Kufuli akageukia barabara. Kundi la watoto wadogo lilikuwa linakuja taratibu, maana muda ulikuwepo. Akasukuma lango, akalifunga.

"Mmechelewa! Pangeni mstari!"

"Dada, kengele bado!" alilalamika msichana wa darasa la kwanza.

"Usibishane na kiranja."

"Basi bishana na mimi," ilisema sauti nyuma ya watoto. Alikuwa mama yake Kufuli, askari wa trafiki, amevaa sare, amemshika mkono mwanawe mdogo. "Hawa wana kosa gani?"

Kabla hajajibu, kengele ikalia. Wote waliisikia, hata mwalimu wa nidhamu aliyekuwa anakuja.

Kufuli akamgeukia. "Mwalimu, hawakuchelewa. Nimefunga mapema ili nifikishe watano."

Mwalimu akakunja uso, akanyoosha mkono kuichukua beji.

"Samahani, Mwalimu," mama alisema. "Hata sisi kituoni tulipimwa kwa idadi ya faini. Madereva wakitulia, askari walikuwa wanaandika faini za vioo vyenye vumbi. Sasa kanuni imekataza hilo. Tunaulizwa kama ajali zimepungua."

Mwalimu aliitazama barabara isiyo na mchelewaji. Mkono ukashuka.

"Kumbe kazi aliifanya, wanafunzi wanawahi, nami ningemwita mvivu. Idadi hiyo nimeifuta, Afande. Lakini wewe, kiranja, fungua lango uwaombe radhi."

Kufuli alifungua, akamwomba radhi kila mtoto, akianza na yule wa darasa la kwanza.

"Mwanangu," mama alisema, "anayelinda sheria awe wa kwanza kuitii. Ukimhitaji mkosaji ili uonekane hodari, mwisho utamtengeneza."